Nyanya ya uzi: kichezeo cha kwanza kwa mkono unaoanza kroshia

Mtu akianza kujifunza kroshia, yaani kufuma uzi kwa sindano moja yenye kulabu, ushauri wa kwanza anaopewa huwa ni skafu. Piga cheni, ule msururu wa vitanzi vinavyotoka kimoja ndani ya kingine, geuka, rudi, geuka tena, endelea mpaka itoshe shingo. Nimekaa na wanafunzi wa umri mbalimbali wanaoshika sindano ya kroshia kwa mara ya kwanza, na ushauri huo nimeuacha zamani. Anayekuja kwangu leo namwanzishia nyanya: nyanya ndogo nyekundu ya uzi, iliyojazwa vizuri, yenye majani ya kijani juu, ya mtoto kuchezea kupikapika.

Shida ya skafu iko pembeni. Kitambaa bapa kina kingo mbili, na kwenye kingo ndiko mwanafunzi anakopotelea. Akifika mwisho wa mstari inambidi ajue kama cheni ya kugeukia inahesabiwa au haihesabiwi, kisha auone mshono wa mwisho uliojikunja pembeni. Asipouona, mstari unaofuata unapungua mshono mmoja, na ule wa baadaye unapungua tena. Baada ya siku kadhaa skafu imekuwa pembetatu, na mwenyewe hawezi kuonyesha ilipoanzia kuharibika. Hapo wengi huweka sindano chini na kusema kroshia haiwataki.

Nyanya haina kingo. Inafumwa kwa kuzunguka bila kukoma, haigeuzwi hata mara moja, na mwili wake wote unahitaji mshono mmoja tu, ule wa singo nitakaouonyesha hapo chini. Ukishajua kuufuma huo, kuongeza na kupunguza, mwili wa nyanya umeumaliza. Tena mwisho wake uko karibu. Mkono mgeni kabisa unaweza kuitoa kwa jioni chache, na jambo hilo lina uzito, kwa sababu aliyemaliza kitu kimoja hurudi kufuma kingine.

Lakini sababu kubwa ninayoipendea nyanya ni kwamba inamlazimisha mtu kusoma mishono. Maelezo ya kufuma yanaweza kukuambia ufume singo 4 kisha uongeze, ila hayawezi kukuambia uko wapi sasa hivi. Hilo limeandikwa kwenye uzi wenyewe. Ndiyo maana sitakupa orodha ya namba nikakuacha nayo. Kila namba nitakueleza imetoka wapi, ili siku ukipotea uweze kurudi njiani bila kumuuliza mtu.

Vifaa ni vichache. Unahitaji uzi mwekundu na wa kijani, sindano ya kroshia, sindano ya kushonea yenye tundu pana na ncha butu, mkasi, pamba ya polista ya kujazia, na kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine cha kuwekea alama. Uzi uwe wa unene wa kati, laini, usio na manyoya. Uzi wenye manyoya unapendeza dukani, lakini unaficha mishono, na mtu anayejifunza kusoma hawezi kusomea gizani. Kwa sababu hiyo hiyo usianze na mweusi wala na wa buluu iliyokolea. Nyekundu ya nyanya inakubali, mradi si ile inayoelekea weusi.

Akriliki ama pamba? Akriliki inanyumbuka kidogo na inamsamehe mkono usiolingana. Uzi wa pamba haunyumbuki, unachosha vidole mapema, lakini mishono yake inasimama wazi na kichezeo kinashika umbo. Kwa nyanya ya kwanza nachagua akriliki laini, na kwa ya pili pamba. Uzi wa sufu nauacha kando kwenye vichezeo, maana ukikutana na maji ya moto na msuguano unasinyaa na kushikana.

Kwenye sindano ndiko watu wanakokosea kwa kufuata lebo ya uzi kama ilivyo. Lebo ikisema milimita 4, inazungumzia nguo, kitu kinachotakiwa kulainika na kuning'inia mwilini. Kichezeo kinatakiwa kibane. Chukua sindano ya milimita 3 au hata 2.5 kwa uzi huo huo. Mwanzoni utahisi unabanwa, sindano inaingia kwa kusukuma, na utatamani kurudi kwenye ile kubwa. Vumilia. Ukifuma kwa sindano kubwa, siku ya kujaza pamba matundu yatafunguka na weupe utachungulia kila mahali, na wakati huo hakuna dawa isipokuwa kufumua.

Tuanze. Mwanzo wa nyanya ni pete ya uzi inayoweza kukazwa, na nitakaa hapa kwa muda kwa sababu ndipo machozi yanapotoka. Kama unatumia mkono wa kulia, laza uzi juu ya vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, mkia wa sentimita 15 hivi ukining'inia upande wa kiganja. Zungusha uzi upande wa kiganja urudi juu mgongoni, upite juu ya ule wa kwanza, mpaka uone msalaba mgongoni mwa vidole. Pitisha sindano chini ya uzi wa kwanza, daka ule wa pili, uvute utokee chini ya wa kwanza huku ukizungusha sindano kidogo kuja juu. Kitanzi kimetokea. Piga cheni moja ya kukifunga, yaani daka uzi na uuvute ndani ya kitanzi hicho. Sasa toa vidole taratibu, na mkononi utakuwa na pete legelege yenye nyuzi mbili zinazokwenda pamoja: pete yenyewe na mkia. Mishono yote sita ya mwanzo inafumwa kuzunguka nyuzi hizo mbili. Ukiacha mkia nje ya mishono, siku ya kuvuta hakuna kitakachokaza.

Singo yenyewe ni hii: ingiza sindano, daka uzi, uvute upande wako, hapo una vitanzi viwili juu ya sindano, daka uzi tena, upitishe ndani ya vyote viwili. Fuma singo sita ndani ya pete, kisha shika mkia na uvute. Utaona tundu linafumba, na mishono sita inakaa duara. Wako wasioiweza pete hata baada ya kujaribu sana, na sioni haja ya kuwatesa. Hao wapige cheni mbili, kisha wafume singo sita zote ndani ya cheni ya kwanza waliyoipiga. Tundu dogo litabaki katikati, nalo litafungwa kwa sindano ya kushonea mwishoni.

Hapa kuna jambo dogo la kudaka uzi ambalo wengi hufundishwa wakiwa wamechelewa. Ukiuzungusha uzi juu ya sindano kabla ya kuuvuta, mshono unatoka na umbo la V. Ukipeleka sindano juu ya uzi na kuudaka kutokea hapo, mguu wa mshono unatoka na umbo la X, na kitambaa kinabana zaidi. Zote ni singo halali. Kwa vichezeo napendelea X, ila cha muhimu ni kushika moja mpaka mwisho, kwa sababu ukichanganya utaona mistari inabadilika katikati ya nyanya.

Kwa nini mishono sita, kwa nini isiwe mitano au minane? Singo ina kimo kinachokaribiana na upana wake. Kila mzunguko unaoufuma unasogeza ukingo wa duara mbali na katikati kwa kimo cha mshono mmoja. Sasa kumbuka hesabu ya duara tuliyosoma shule: nusu kipenyo ikiongezeka kwa 1, mzingo unaongezeka kwa 2 mara 3.14, yaani 6.28. Kwa hiyo ili duara libaki bapa, kila mzunguko unahitaji takriban mishono sita zaidi ya ule uliotangulia. Ndiyo siri yote ya 6, 12, 18, 24, 30, 36. Aliyeielewa hesabu hii hahitaji tena kukariri mwanzo wa kichezeo cha mviringo.

Ukiongeza pungufu ya sita, duara linajikunja na kuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo unakosa mahali pa kukaa na unaanza kufanya mawimbi. Mawimbi hayo yana heshima yake. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alitumia kroshia kufuma umbo la jiometri ya haipaboliki, yaani ya uso unaotanuka haraka kuliko uso bapa, umbo ambalo wanafunzi walikuwa wakihangaika kuliona kwenye karatasi. Alichofanya ni kuongeza mishono kwa uwiano ule ule mzunguko baada ya mzunguko, na kitambaa kikajikunja kwa mawimbi kila upande. Nalitaja hilo kwa sababu kila mara mwanafunzi wangu anaponionyesha duara lenye mawimbi, namwambia umbo lake lina jina kwenye hisabati, kisha tunahesabu pamoja tuone alizidisha wapi.

Mzunguko wa pili, fuma singo mbili ndani ya kila mshono. Huko ndiko kuongeza, na sasa una 12. Mzunguko wa tatu, singo 1 kisha ongeza, rudia mara sita, 18. Wa nne, singo 2 kisha ongeza, 24. Wa tano, singo 3 kisha ongeza, 30. Wa sita, singo 4 kisha ongeza, 36. Kuanzia mzunguko wa pili unaingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili za juu ya mshono, wala usiingize chini ya moja.

Hatufungi mzunguko kwa kuunganisha mwisho na mwanzo. Tunaendelea tu kupanda, na kwa hiyo bila alama hutajua mzunguko umeisha wapi. Chukua kile kipande cha uzi wa rangi nyingine, ukiweke kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, na ukifika hapo ukihamishe juu. Watu huona alama ni ya wanaoanza. Mimi sijawahi kuiacha.

Sasa simama baada ya mzunguko wa tatu uangalie kazi yako kwa karibu. Juu ya ukingo kuna msururu wa V zilizolala, kila V ni mshono mmoja. Hesabu hizo V. Kitanzi kilicho juu ya sindano usikihesabu, maana huo bado ni mshono unaosubiri kuzaliwa. Ukishuka chini kidogo utaona mahali ambapo miguu miwili ya mishono inatokea kwenye tundu moja: hapo uliongeza. Tafuta mahali sita kama hapo kwenye mzunguko mmoja. Ukipata matano, umegundua kosa bila kusoma maelezo yoyote, na umeligundua likiwa na umri wa mzunguko mmoja. Vuta uzi, rudi mpaka hapo, fuma upya. Kufumua kwenye kroshia hakuna hatari, kwa sababu kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, hakuna kingine kinachoweza kukimbia.

Ukiongeza mahali pale pale kila mzunguko, duara linatoka na pembe sita. Kwa mpira wa rangi moja pembe hizo zinaonekana. Kuzificha ni rahisi. Kwenye mzunguko wa nne anza na singo 1, ongeza, halafu singo 2 na kuongeza mara tano, malizia na singo 1. Jumla ni ile ile 24, ila mahali pa kuongeza pamehama. Fanya vivyo hivyo mzunguko wa sita: singo 2, ongeza, kisha singo 4 na kuongeza mara tano, malizia na singo 2. Nyanya itatoka na mviringo laini.

Kufikia hapa kazi imeanza kujikunja, na inabidi uamue upi ni upande wa nje. Upande mzuri unaonyesha V au X zilizosimama vizuri, na upande wa ndani una vijistari vilivyolala, kama vidato vidogo. Wanaoanza karibu wote hufuma bakuli likiwa limegeuka. Kipimo ni hiki: ukifuma, sindano iwe inaingia kutoka nje kwenda ndani ya bakuli. Ikiwa inatoka ndani kuja nje, ligeuze kwa kidole gumba sasa hivi, kabla halijawa zito.

Kuanzia mzunguko wa saba fuma singo moja kwenye kila mshono, 36 kila mara, kwa mizunguko 5. Ungetaka mpira kamili ungefuma 6. Nayo hiyo ina hesabu yake: kutoka ncha ya juu ya mpira mpaka ncha ya chini, ukipita juu ya uso wake, umbali ni nusu ya mzingo. Mzingo wetu ni mishono 36, kwa hiyo tunahitaji mizunguko karibu 18 kwa jumla. Nyanya nyingi zimebonyea kidogo, basi tunapunguza mmoja. Kwa uzi ambao kila mshono unachukua milimita 5, mzingo utakuwa milimita 180, na kipenyo milimita 57 hivi. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye usalama.

Sehemu hii ya katikati haina la kusema zaidi. Ni ya kufuma tu, na ndiyo inayotuliza roho.

Kupunguza kuna njia mbili. Ya kawaida inaunganisha mishono miwili kwa kupita chini ya nyuzi zote za juu, na inaacha uvimbe na kijitundu. Kwa kichezeo tumia ile inayojificha. Ingiza sindano kwenye uzi wa mbele tu wa mshono wa kwanza, yaani ule ulio upande wako. Bila kudaka kitu, ingiza pia kwenye uzi wa mbele wa mshono unaofuata. Juu ya sindano kuna vitanzi vitatu. Daka uzi, upitishe ndani ya viwili vya mwanzo, daka tena, malizia kama singo ya kawaida. Ukiutazama kutoka nje utadhani ni mshono wa kawaida ulionenepa kidogo. Huu ni ustadi mmoja ambao ningependa kila anayeanza aupate siku ya kwanza, maana tofauti ya kichezeo kinachopendeza na kinachochekesha mara nyingi iko hapo.

Mpangilio wa kupunguza ni ule wa kuongeza uliorudi nyuma. Singo 4, punguza, mara sita: 30. Singo 3, punguza: 24. Singo 2, punguza: 18. Hapo simama, jaza.

Kujaza hudharauliwa, na nyanya nyingi zilizofumwa vizuri huharibikia hapa. Pamba ya polista ikitoka mfukoni huwa imeshikana. Ukiisukuma ndani ikiwa bonge, nyanya itakuwa na bonge katikati na ukuta uliolegea pembeni, na mtoto akiibonyeza itakunjamana upande mmoja. Ichambue kwanza kwa vidole mpaka iwe nyepesi na nyuzi zake zimeachana. Chukua kidogo, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole, ukisukume kwenye ukuta wa ndani, zungusha nyanya, sukuma kingine jirani yake. Ukishazunguka ukuta wote ndipo ujaze katikati. Sehemu ya nyuma ya sindano ya kroshia inafaa kwa kazi hiyo. Mkasi usiutumie, unakata uzi bila wewe kujua.

Ijae kiasi gani? Bonyeza kwa kidole gumba kisha uachie. Shimo likijaa lenyewe mara moja na mishono haijatanuka, imetosha. Likibaki, ongeza. Ukianza kuona weupe kati ya mishono, umezidisha, au ulifuma kwa sindano kubwa. Mchele na kunde za kujazia siwashauri kamwe kwa kichezeo cha mtoto: mshono ukiachia vinamwagika na kuingia mdomoni, na kabla ya hapo huwezi hata kukifua. Mabaki ya nyuzi yanafaa ukiyakata vipande vifupi na kuyachambua, ingawa yanaleta uvimbe uvimbe na uzito.

Endelea: singo 1, punguza, 12. Ongeza pamba kidogo ya mwisho, kisha punguza mara sita, 6. Kata uzi ukiacha mkia wa mita moja hivi, utausifu baadaye. Utie kwenye sindano ya kushonea, upitishe kwenye uzi wa mbele wa kila mmoja wa mishono sita, kisha uvute. Tundu linafumba.

Ulicho nacho sasa ni mpira mwekundu. Kinachoufanya uwe nyanya ni uzi huo mrefu uliobaki. Chomeka sindano katikati ya chini, ipite ndani ya mwili mzima, itokee katikati ya juu. Rudi chini ukichomeka umbali wa mshono mmoja pembeni, na vuta. Juu panadidimia, chini panadidimia, mabega ya nyanya yanainuka. Rudia mara mbili au tatu mpaka umbo likupendeze. Ukitaka nyanya yenye migawanyo, zile zenye mbavu, uzi ukitokea juu uupitishe kwa nje mpaka chini, uchomeke tena katikati, uvute. Fanya hivyo kuzunguka mara tano kwa nafasi zinazolingana. Kila uzi unachimba mfereji laini. Mwanafunzi akifika hapa huwa anatulia ghafla, anaiinua nyanya kwenye mwanga na kuigeuza geuza. Dakika hiyo naipenda kuliko zote.

Majani ni ya kijani. Anza na pete tena, fuma singo 5 ndani yake, kaza, unganisha na singo ya kwanza kwa mshono wa kuteleza, ule wa kuingiza sindano, kudaka uzi na kuuvuta ndani ya kila kitu kwa mkupuo mmoja. Sasa piga cheni 5. Ruka iliyo karibu na sindano, kwenye inayofuata fuma mshono wa kuteleza, kisha singo 3 kwenye zilizobaki. Umerudi kwenye pete na jani moja limetoka. Funga kwa mshono wa kuteleza kwenye singo inayofuata ya pete, upige tena cheni 5. Majani matano. Kwa kikonyo, piga cheni 4, rudi juu yake kwa mishono mitatu ya kuteleza, ushone katikati. Majani yatajikunja yenyewe, yaache. Majani ya nyanya hayalali bapa.

Kuyashona kunategemea umri wa mtoto. Kwa mtoto mkubwa shona katikati tu, ncha zibaki zimeinuka. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni shona mpaka ncha za majani, mshono kwa mshono, pasibaki pa kung'ata na kuvuta. Kikonyo chake kiwe kifupi au kisiwepo. Mikia yote ya uzi ipitishwe ndani ya mwili kwa njia tatu tofauti, kwenda, kurudi, na kwenda upande mwingine, ndipo ukate karibu na uso. Fundo pekee halitoshi. Kisha shika kila jani kwa vidole viwili na ulivute kwa nguvu kuliko atakavyovuta mtoto. Likilegea, shona upya.

Ukubwa nao una sheria. Marekani, mpira wa kuchezea uliokusudiwa watoto wa chini ya miaka 3 hauruhusiwi ukiwa na kipenyo cha inchi 1.75 au pungufu, takriban milimita 44.5, kwa sababu unaweza kuziba koo. Nyanya yetu ya milimita 57 imevuka hapo, ila ukitumia uzi mwembamba kipimo kinashuka haraka. Pima ya kwako kwa rula kabla hujamkabidhi mtoto mdogo, na kumbuka kwamba kichezeo laini hubonyea. Kwa mdogo kabisa napenda kuongeza mzunguko mmoja wa kuongeza, nifike 42.

Vichezeo vidogo vya namna hii vilipata umaarufu duniani kutoka Japani, chini ya jina la amigurumi, na maelezo yake yamejaa mtandaoni. Ukianza kuyasoma ya Kiingereza, angalia kwanza yameandikwa kwa majina ya wapi. Mshono ninaouita singo hapa, Wamarekani wanauita hivyo hivyo, lakini Waingereza wanauita dabo. Mtu akifuata maelezo ya Uingereza kwa majina ya Marekani, nyanya inakuwa ndefu na yenye matundu. Njia ya haraka ya kutambua: popote panapotajwa singo, maelezo ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana mshono wenye jina hilo.

Kufua si kazi kubwa. Akriliki na polista zinavumilia maji ya vuguvugu na sabuni laini. Kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, usizungushe, kisha uiache ikauke mahali penye hewa mpaka ndani kabisa. Uzi mwekundu wa pamba ujaribu kabla ya kufuma: loweka kipande kwenye maji ukiwa umekifunga na uzi mweupe, uone kama rangi inatoka.

Ukimaliza nyanya ya kwanza, fuma ya pili papo hapo, bila kuyatazama maelezo haya, ukisoma mishono tu. Baada ya hapo matunda mengine yatajitokeza yenyewe. Chungwa ni mwili ule ule wenye mizunguko 6 ya katikati, bila kudidimiza sana. Tofaa linadidimizwa zaidi juu kuliko chini. Plamu inafika mishono 30 tu, na katikati yake ina mizunguko 6 ili iwe ndefu kidogo; hiyo kwa uzi huu ni ndogo, iwe ya watoto waliovuka miaka 3. Stroberi inaanzia kwenye ncha: 6, 9, 12, 15, 18, 21, 24, ikiongezeka mitatu mitatu, kwa hiyo inachongoka badala ya kutanuka, kisha mizunguko michache ya 24 na kufunga haraka. Mbegu zake zishonwe kwa uzi wa njano, kamwe zisiwe shanga.